Nyumba Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Nimekubali kuwasimulia kwa mdomo wangu mwenyewe, maana najua pale sokoni Biharamulo mnasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na kila anayesimulia anaongeza chumvi wakati jambo lenyewe lilivyo halihitaji hata punje. Ndiyo, ni mimi. Mimi mwalimu mstaafu, mama wa watu wazima, msomaji wa somo la kwanza kanisani, ndiye niliyemvisha tajiri wa ng'ombe fulana iliyoandikwa MNUFAIKA mgongoni, mbele ya kiongozi, kwenye vipaza sauti.

Ilianza vizuri (mambo yangu yote huanza vizuri). Tulikuwa akina mama tisa wa jumuiya moja, tukaona haiwezekani watu walale kwenye vibaraza vya maduka sisi tukienda kulala vitandani, tukaanzisha kikundi cha kuwapikia wasio na makazi na kuwapa pa kulala. Aliyetufanya tuanze alikuwa Bibi Leokadia, mjane ambaye shemeji zake walimtoa nyumbani hata arobaini ya marehemu haijafika, akawa analala kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga na kifurushi chake. Tulichangisha, tukapata nyumba ya vyumba vinne nyuma ya soko, magodoro, mablanketi, masufuria makubwa, kila kitu kikawa tayari kabla mvua hazijaanza, na kilichobaki ilikuwa ni kumwambia bibi aingie.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nikasema, jamani, nyumba haiwezi kutumika kabla haijazinduliwa.

Mnatujua sisi na mgeni rasmi. Nimefundisha shule ambayo choo kipya kilifungwa kufuli muhula mzima kikisubiri mheshimiwa aje kukata utepe, watoto wanajisaidia kwenye mihogo, na mimi nililisema jambo hilo ofisini mpaka mwalimu mkuu akaninunia. Sasa nilipopata nyumba yangu ya kuzindua, yote niliyasahau. Mama Devota, katibu wetu, ambaye akitaka kukuchoma huongea huku anaangalia pembeni, akauliza, "Kwani bibi akilala ndani, utepe utakataa kukatika?" Nikamwambia aache utani, picha zinatakiwa, na magodoro lazima yaonekane yakiwa kwenye nailoni zake.

Mgeni akapangiwa Jumamosi. Jumamosi akapata ugeni mpakani Rusumo. Ikasogezwa Jumatano, Jumatano akaitwa Bukoba, na mvua nazo zikaanza kwa sababu mvua hazina barua ya mwaliko. Kila asubuhi Bibi Leokadia alipita na kifurushi chake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Bado?"

"Bado bibi, tunamsubiri mgeni."

(Adabu ninayo, mnaona. Shikamoo sikuisahau hata siku moja.)

Siku moja mchana ikashuka mvua ya mawe, akanikuta nimesimama mlangoni na ufunguo mkononi, akaomba akae kwenye korido tu mpaka ipite. Na mimi, Mungu anisamehe, niliitazama miguu yake yenye matope, nikaitazama sakafu niliyoipaka rangi nyekundu na kuing'arisha kwa mikono yangu, nikamwambia, "Bibi, sogea pale kwa muuza mchele, ana turubai." Akaenda. Hata hakunung'unika, na afadhali angenitukana.

Baada ya siku mbili hakuonekana tena kibarazani. Nikajiambia ameenda kwa ndugu zake, nikajiambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyonifaa. Ndugu gani, wale wale waliomfukuza? Wengine wawili tuliokuwa tumewaandika walishachoka kusubiri, wakapanda lori la mahindi kwenda Kahama. Na jioni ile ile ndipo simu ikaja kwamba mgeni rasmi anakuja kesho saa nne kamili, hakuna kuahirisha.

Basi nikawa na nyumba, utepe, pilau, muziki wa kukodi, na sina hata mtu mmoja asiye na nyumba. Asubuhi nikazunguka mji mzima na fulana ya MNUFAIKA kwenye mfuko natafuta maskini, na ilikuwa siku ya mnada. Karibu na duka la dawa nikamwona mzee amekaa chini, ameegemea ukuta, shuka limechakaa na limejaa vumbi, miguuni katambuga za tairi, anasinzia. Moyo wangu ukafurahi, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote, kwamba nilimwona mtu niliyemdhania hana kitu nikafurahi.

Nikamsalimia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, kisha nikamuuliza kama amekula. Akasema bado, duka lilichelewa kufunguliwa. Nikamuuliza leo atalala wapi. Akasema, "Nikikosa gari, popote." Mwenye akili angeuliza gari la kwenda wapi. Mimi nilimwambia, "Karibu tukale, baba," nikamshika mkono, na tulipofika nikamvisha fulana bila kumweleza ni ya nini.

Mgeni alifika saa nane. Akakata utepe, akakaa juu ya godoro akapigwa picha, nailoni inalia chini yake, akahutubia kuhusu upendo. Kisha mshereheshaji akamwita mnufaika aseme neno, na mzee wangu akasimama na fulana yake juu ya shuka, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nawashukuru kwa pilau," akasema. "Mama huyu aliniita chakulani, na mimi nikiitwa chakulani sikatai, kwetu ni vibaya. Lakini naona sasa napewa kitanda. Mimi ni Masanja, mji wangu uko huko bondeni, nina wake wawili na kila mmoja ana nyumba yake."

Madalali wa ng'ombe walikuwa wamejaa uani kwa ajili ya sahani, mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu, huyo mpe zizi, ng'ombe wake ndio wamekosa nafasi." Watu wakavunjika mbavu. Mama Devota akaficha uso kwenye kitenge, mabega yanacheza. Mgeni rasmi akacheka kidogo huku akitazama saa. Nikacheka na mimi, nikasema moyoni, basi, yatapita, watanicheka mwezi mmoja.

Mzee akangoja wanyamaze.

"Ila kama ni mambo ya kulaza watu, nina swali. Mke wangu mkubwa alileta samli sokoni wiki hii, akamkuta bibi mmoja pale mashineni amelowa anatetemeka, akampakia kwenye mkokoteni akaja naye nyumbani. Homa ya mapafu imemshika, leo nimekuja kumchukulia dawa. Anasema ana nyumba hapa mjini aliyoahidiwa, ila haijafunguliwa. Ndiyo hii?"

Watu wote uani walinigeukia mimi, na fundi wa muziki, sijui kwa huruma au kwa kuchanganyikiwa, akaweka wimbo wa kwaya kwa sauti ya juu kabisa. Mgeni rasmi alikumbuka kikao. Mzee Masanja akavua fulana, akaikunja vizuri, akanirudishia.

Kesho yake nilipanda bodaboda kwenda bondeni kwa Masanja, na godoro la kumwombea bibi radhi nyuma yangu (ndiyo, nalo wameniona nalo, msinikumbushe). Nikamkuta Bibi Leokadia amekaa juani anachambua maharage na mke wa Masanja, anakohoa, lakini ameshiba na amejifunika blanketi. Nikapiga magoti nikamwambia bibi, nisamehe, nimekuja kukuchukua, nyumba iko wazi.

"Imeshazinduliwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Mgeni alikuja?"

"Alikuja."

"Alilala?"

Nikasema hapana, bibi, hakulala.

"Basi mpe mtu atakayelala," akasema, akaendelea na maharage yake.

Nililia barabara nzima, dereva wa bodaboda akadhani nimefiwa. Jioni nilichana nailoni zote kwa meno, na sasa anayekuja na matope yake anaingia nayo. Nanyi mkisikia siku nyingine nimealika mgeni rasmi popote, hata iwe ni kunizika mimi mwenyewe, msimruhusu akae mbele mpaka waliolowa wamekaa.