Alichekwa ukumbini, kesho atasimama tena

Saa moja asubuhi, Jumamosi. Ayuma Andati anainuka tena kutoka kwenye beseni la matumbo, anapangusa mikono kwa aproni, anachukua mwavuli mweusi na kwenda kusimama chini ya mgunga ulio nyuma ya soko la nyama la Burma. Hakuna mvua. Mwavuli ni wa kinyesi.

Juu yake matawi yamejaa marabu, wale ndege wakubwa wenye vipara na mfuko wa rangi ya nyama unaoning'inia shingoni. Mtu wa mitaa hii ya Eastlands huwaona kila siku na kuwatukana kila siku. Mmoja ananyoosha mguu. Mguuni ana pete mbili za plastiki, nyekundu juu ya nyeupe.

“Huyo nilimvisha mimi,” anasema Ayuma. “Alinigonga hapa.” Anaonyesha kovu kwenye kifundo cha mkono, kisha anarudi mbio kwenye beseni kabla tajiri hajaita.

Tajiri wake ni Makokha, mwuza matumbo mwenye tumbo lake mwenyewe na maneno mengi.

“Daktari wa marabu,” anamwambia, “hao ndege wamekulipa leo?”

“Watalipa.”

“Basi niwakate mshahara, maana wameshakula utumbo wangu wa mbuzi wawili.”

Siku nyingine Ayuma angemjibu vikali zaidi. Leo hana nafasi ya mzaha. Jumatatu asubuhi anatakiwa kuwa kwenye lango la kiwanda kimoja cha sabuni huko Industrial Area, ambako mumewe, Johnson Wasike, amemwombea kwa msimamizi nafasi ya kupakia. Asipofika, nafasi ni ya mwingine. Akifika, habari ya ndege imekwisha. Kati ya leo na Jumatatu kuna Jumapili moja tu, na Ayuma ana kazi nayo.

Alizaliwa Kaloleni, katika nyumba zile za baraza la jiji, mtoto wa fundi wa reli. Aliacha shule darasa la saba na kuanza kuosha matumbo akiwa msichana. Angekuwa anaosha mpaka leo bila kuwazia kingine, lakini mwaka wa 1992 mwanamke mmoja mtafiti kutoka Ulaya aliingia sokoni akiuliza nani anaweza kumshikia marabu.

“Wanaume walirudi nyuma,” anasimulia. “Marabu akikasirika anapiga kama nyundo. Mimi nilichukua gunia, nikamtupia kichwani, nikamkalia. Yule mama akaniuliza, unaitwa nani?”

Kwa miaka minne hiyo ikawa kazi yake. Kuwashika, kuwavisha pete, kuwafuata kwa miguu kutoka mitini hadi jaa la Dandora, kujua wanaondoka saa ngapi, wanapanda juu kiasi gani kukiwa na joto, wanakatiza wapi kurudi. Alilipwa shilingi elfu nne na mia tano kwa mwezi, zaidi ya mumewe. Kwa Makokha anapata mia moja na ishirini kwa siku, siku akihitajika.

Mwezi wa Juni mwaka huu mtafiti alimaliza masomo yake, akafunga masanduku, akamwachia Ayuma darubini. Kazi hii ndivyo ilivyo. Mtafiti akimaliza hupanda cheo. Msaidizi wake hurudi alikotoka, na asipopata mtafiti mwingine hubaki hapo.

Ila mtafiti huyo hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kuondoka alimlipia Ayuma kiingilio cha mkutano wa wataalamu wa wanyamapori, uliofanyika wiki hii, Alhamisi na Ijumaa, katika hoteli moja ya mjini.

“Aliniambia, nenda ujuane na watu, kazi ziko kwenye kujuana. Nikasema sawa. Lakini hakuniambia watu wanajuana namna gani.”

Siku ya kwanza alivaa gauni lake la kanisani na viatu vya dada yake. Mihadhara ilikuwa ya Kiingereza, akaielewa nusu. Wakati wa chai aliwaona watu wakipeana kadi kama wacheza karata. Yeye hakuwa na kadi. Alijongea kundi moja, akatoka, akajongea lingine.

“Nikanyoosha mkono nisalimie bwana mmoja. Akaniwekea kikombe kichafu.”

Alifanya nini?

“Nilikipeleka jikoni. Ningefanya nini?”

Siku ya pili, baada ya mhadhara wa mwisho kabla ya chai, mwenyekiti alisema mwenye neno asimame, ataje jina na atokako. Hapo Ayuma akaona mlango umefunguka. Kanisani kwao Kaloleni kila Jumapili mchungaji huwaambia wageni vivyo hivyo. Mgeni husimama, hutaja jina, nyumbani, kazi yake na aliyemwalika, huleta salamu, na akiwa na shida huisema wazi. Ibada ikiisha watu humzunguka mlangoni. Ayuma amewaona watu wakipata nyumba za kupanga kwa njia hiyo, hata wachumba.

Basi akasimama, akapokea kipaza sauti, akaanza kwa Kiswahili.

“Bwana asifiwe. Mimi naitwa Ayuma Andati, mke wa Johnson Wasike, tuna watoto watatu. Nawaletea salamu kutoka Kaloleni. Nimekuwa nikishika marabu miaka minne na kuwafuata wanakoenda. Aliyekuwa ameniandika amerudi kwao. Natafuta kazi.”

Ukumbi ulicheka. Si wote, anasema, lakini walitosha.

“Swali, mama,” mwenyekiti akamwambia. “Swali lako ni lipi?”

“Sina swali. Nimesema natafuta kazi.”

Wakacheka zaidi. Kijana wa hoteli akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake. Ayuma akakaa kidogo, akaona hakukaliki, akachukua mkoba, akatoka kabla ya chai. Alikwenda kwa miguu mpaka Kaloleni, viatu vya dada yake mkononi.

Jioni ile alikuwa akiwasha jiko nje ya mlango, jirani yake alipotokea. Jirani huyo ni Munyao, dereva. Bosi wake ni Mzee Nzuki, mwenye kampuni ndogo iliyopewa kazi ya kuzuia ndege wa mwituni wasigongane na eropleni kwenye uwanja wa Embakasi.

“Wewe mama, ulipotelea wapi?” Munyao akamwuliza. “Mzee wangu alikuwa ameketi nyuma kabisa, amechoka na habari za ndovu na vifaru. Uliposema marabu akaamka. Wakati wa chai amekutafuta, akanituma mpaka kwa vyoo vya akina mama, nikafukuzwa.”

“Si ungemwambia mimi ni jirani yako?”

“Ningejuaje ni wewe? Mimi nilikuwa kwa gari. Aliniambia tu, tafuta mama wa marabu. Jina ameniambia tukirudi, ndiyo nikashtuka.”

Shida ni kwamba Mzee Nzuki anaondoka kesho alasiri kwenda Mombasa, na atakaa huko wiki mbili. Ofisi imefungwa leo. Anaishi mtaa wa Fedha, lakini Munyao hataki kusikia habari ya Ayuma kugonga lango lake.

“Ataniuliza nani alikuonyesha nyumba. Nifutwe kwa sababu ya marabu?”

Hata hivyo alimwambia jambo moja. Mzee hakosi ibada ya Jumapili asubuhi katika kanisa la mabati lililo karibu na kwake.

Tuseme ukweli: hakuna aliyemwahidi Ayuma chochote. Mzee aliuliza tu yule mama ni nani. Huenda ana kazi, huenda alitaka kucheka vizuri. Mumewe alimwambia hivyo hivyo wakati wa chakula.

“Mama Nalianya, msimamizi nimemnunulia soda mara ngapi? Ukikosa Jumatatu nitamwangalia usoni namna gani?”

“Sijasema nitakosa.”

“Unasema kwa miguu. Tangu jioni hujakaa.”

“Baba Nalianya, ukinifungia kwenye sabuni nitakufa.”

“Hakuna mtu amekufa kwa sabuni. Mimi niko huko mwaka wa tisa.” Halafu Wasike akamsogezea kiti. “Nenda Fedha. Lakini Jumatatu, kama hakuna neno, tunatoka pamoja asubuhi.”

Wakakubaliana.

Sokoni jua limepanda, na marabu wa kwanza wanaanza kujirusha kutoka mgungani kuelekea Dandora. Ayuma anawaangalia mpaka wanapotea nyuma ya mapaa. Amekwisha kuosha matumbo yote, ameosha na beseni, sasa anatembea mbele ya kibanda akisema maneno peke yake. Makokha amechoka kumwona akizunguka. Anaweka kisu chini, anakohoa kama mchungaji.

“Wageni wetu wasimame.”

“Bwana asifiwe. Mimi naitwa Ayuma Andati, natoka Kaloleni...”

“Swali lako ni lipi, mama?”

“Makokha, wacha.”

“Haya, endelea. Lakini hiyo ya watoto watatu itoe, unamtisha mtu wa kazi.”

“Watoto siwatoi. Mgeni huwataja watoto wake.”

Anarudia yote tangu mwanzo, haraka mno, halafu tena polepole. Salamu amezibakiza. Mumewe amembakiza. Kilichobadilika ni kimoja tu, nacho hakimo kwenye maneno.

“Ijumaa kosa langu halikuwa kusimama,” anasema, akifungua mwavuli na kuufunga. “Kosa langu ni kutoka kabla ya chai. Kesho wakicheka, wacheke. Mimi nitakaa pale mlangoni mpaka mtu wa mwisho anisalimie.”