Ua la Minza Lilipopukutika

Hesabu ya mambo yote ni hii: jogoo mmoja mwekundu, bakuli mbili za karanga, na nusura ndoa. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, haipungui.

Nakumbuka siku moja ya miaka ile ya ruksa, maduka ya Bariadi yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Bi Mwajuma, mama wa Kitanga aliyeuza kanga sokoni, alinionyesha tawi la ua, nene kama kidole gumba. Alitaka majogoo wawili. Nikamshusha hadi mmoja. Karanga akazidai za usumbufu. Akanifundisha kulitambua: jani ukilivunja hutoa maziwa, nawe usiguse macho, majani marefu hukusanyika nchani, ua jeupe, petali tano, moyo wa manjano, na harufu hukupokea mlangoni.

Mke wangu Minza alilipanda kwenye debe la mafuta, akaliweka dirishani. Lilipochanua, majirani walibisha hodi bila shida yoyote, wakakaa wakinusa. Minza alitembea kama aliyejenga ghorofa.

Wakati wa kiangazi Minza akaenda Migato kumuuguza mama yake, akaniachia neno moja: nilitunze. Wiki ya pili majani yote yakapukutika. Nami mkulima wa pamba, tangu utoto najua miti ikishavunwa hung'olewa ikachomwa, wadudu wasibaki. Nikaling'oa, nikalitupa kwenye lundo la miti ya pamba, nikatoa kiberiti.

Bi Mwajuma, aliyekuwa akipita na mzigo wake, akanidaka mkono. Akalikwaruza tawi kwa ukucha: ndani kijani kibichi.

“Kijana, wewe ungemzika hata aliyesinzia,” akasema. “Umemuuliza mwenye ua?”

Akaniamuru nilikaushe kivulini siku chache, nitoboe debe chini, nichanganye udongo na mchanga, maji kidogo sana mpaka lichipue.

Minza alirudi na mvua za kwanza. Nikaungama kabla hajauliza. Alininunia siku mbili, nilizihesabu. Ya tatu akaniita, nikaenda mbio.

“Njoo umwone marehemu wako,” akasema. Machipukizi mawili! Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Kila mmea una msimu wake, na kila mtu pia. Usimpime mwingine kwa desturi ya shamba lako. Cha mwenzio usiking'oe kabla hujamuuliza. Mungu akupe nyumba inayonukia na mwenza anayekusamehe siku ya tatu.

Ila ua sasa limegusa bati, na Minza hataki likatwe. Wewe uliyesoma, nishauri: nikate tawi, au nitoboe paa?