Saa Iliyokwenda Bila Ufunguo

Kazi yangu ni kuwaambia watu hali ya vitu vyao, na hakuna anayeipenda isipokuwa anayenilipa. Duka ninalolifanyia liko Diani, kwenye barabara ya mahotelini, na linawauzia wenye majumba ya ufuoni vitanda vya kale, makasha, viti na saa. Kabla kitu hakijanunuliwa, mimi hutumwa kukitazama. Hulala chali chini ya vitanda vya watu. Hunusa droo. Hupapasa migongo ya makabati, mahali ambapo fundi hakutarajia mtu atie mkono. Wako wanaume wawili tunaofanya nao kazi hii, lakini penye msiba huenda mimi, kwa sababu mjane aliye edani haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Na vitu vya kale vya huku kwetu hutoka majumbani penye msiba.

Siku hiyo nilitumwa Msambweni. Waliotuita walikuwa ndugu wawili waliofiwa na kaka yao, mtu ambaye hakujaaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa ya marehemu. Mjane fungu lake ni robo, iliyobaki ni yao, na hilo ni la sheria, sina la kuongeza. Lakini ndani mlikuwa na kitanda, viti viwili na saa ya ukutani ambavyo vilikuwa mali ya mjane mwenyewe. Alivitoa kwao Vanga alipoolewa, na kabla yake vilikuwa vya bibi yake. Hata shemeji zake hawakubisha. Wakakubaliana hivi: duka livinunue vitu hivyo, pesa ziende kwa hao ndugu badala ya mafungu yao, naye abaki na nyumba yake. Visipotosha, eda ikiisha ahame. Pa kuhamia palikuwa kwa dada yake huko Vanga, chumba kimoja na wajukuu.

Niliwakuta wale ndugu barazani, kila mmoja na simu yake. Niliwapa pole. Mkubwa wao akaitikia bila kuinua uso.

"Fanya upesi, dada. Tuna safari ya Ukunda, na gari la watu linatusubiri."

Nilimchukia hapo hapo. Sikuwa na sababu ya kutosha, lakini mimi moyo wangu haungoji sababu.

Ndani, majirani wawili walikuwa wakiaga. Mmoja alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya leso, na alipopishana nami mlangoni alinishika mkono akaninong'oneza, "Mwenye nyumba hii alikuwa mtu wa heri, mwanangu. Utajionea mwenyewe." Sikuelewa anasema nini, nikaitikia amina.

Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga kanga kuukuu zisizo na harufu ya udi wala asumini, kama inavyompasa aliye edani. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyefanya kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye wa kutazama vyombo?"

"Ndimi. Poleni sana kwa msiba."

"Tumeshapoa. Ya Mungu hayana mjadala. Haya, tazama, usinionee haya. Vitazame barabara, ili wale wa nje wasije wakasema umenipendelea."

Nilianza na viti. Vilikuwa vya kweli, vya kale hasa, lakini kimoja mguu umeliwa na bungua mpaka umekuwa unga ndani, na kingine mtu alikuwa amekipigilia misumari ya bati mahali palipokatika. Nikajua kwa nini vilikuwa bado humo. Vitu vya namna hiyo duka halivitaki hata bure.

Kisha nikaingia chini ya kitanda. Kilikuwa samadari, cha nguzo za kuchongwa na ubao wa kichwani wenye maua, na ukikitazama kutoka mlangoni ungesema hakuna cha mfano wake Msambweni nzima. Chini yake nikawasha tochi ya simu. Mbao zilikuwa na alama za msumeno wa mashine, zile za kupinda kama mwezi mchanga. Viungo vilishikwa kwa skrubu zenye vichwa vya nyota. Nikachokora kwa ukucha mahali pasipoonekana, na chini ya ile rangi ya kahawia ukatoka weupe wa mwembe. Kitanda cha bibi yake, tulivyoambiwa dukani, kilikuwa cha msaji.

Nilibaki pale chini zaidi kuliko ilivyohitajika. Mkeka wa mama ulikuwa kando, nikaviona vidole vya miguu yake, vimetulia.

Hili jambo nalifahamu vizuri, kwa sababu katika biashara yetu lina utaratibu wake. Mtu wa huku akiuza kitanda cha nyumba, aibu ndiyo inayomsumbua zaidi kuliko kitanda chenyewe. Majirani watakiona kinapandishwa garini, watasema fulani amefilisika, anauza mpaka pa kulala. Basi mnunuzi humtengenezea kingine cha mfano ule ule. Cha kale hutoka kikiwa kimefunikwa, kinakwenda kwa fundi kutibiwa bungua, ndivyo watakavyoambiwa watu, na kinachorudi ni kile kipya. Nimeviona vitanda vingi vya namna hiyo. Sikuwahi kukiona huku mwenyewe akiwa ameketi kando yangu, hajui.

"Kiliingia bungua hicho," alisema kutoka juu, kana kwamba ananisikia ninavyowaza. "Marehemu akakipeleka Kona ya Musa kwa fundi. Mimi nilikuwa Vanga ninamuuguza mama. Nilipokuja nikakikuta kimerudi kinang'aa, nikamwambia, bwana, umenioa upya."

Akacheka kidogo, kisha akajizuia, maana alikuwa edani.

Nilitoka, nikajipangusa vumbi, nikasema nitatazama saa kwanza ndipo tuzungumze. Nilikuwa ninajipa muda, basi. Saa ilikuwa ukutani juu ya mkeka wake, sanduku lake refu la mbao, uso wa kauri wenye tarakimu nyeusi, na sahani ya shaba ikiyumba nyuma ya kioo. Mbao zake zilikuwa za kweli. Nikashukuru moyoni. Saa ya namna ile yenye mashine yake nzima, mtu wa Diani anaweza kuitolea pesa bila kufikiri. Nilifanya hesabu ya haraka kichwani, nikaona kwamba ikiwa nzima, mama huyu hahami.

"Hiyo usiitazame tu, sikiliza habari zake kwanza," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa na furaha ya siri. "Saa hiyo hutiwa ufunguo kila Ijumaa. Marehemu hakuruhusu mtu mwingine aiguse, hata mimi. Akirudi msikitini, kabla ya kula, hupanda kile kigoda, huchukua ufunguo wake, huitia. Mimi humshikia kanzu isichafuke. Miaka yetu yote ya mwisho ni hivyo. Sasa, mwanangu, tangu azikwe hakuna aliyeitia ufunguo. Imepita zaidi ya miezi miwili. Na haijasimama."

Akainua uso kuitazama.

"Wanawake wa mtaa mzima wamekuja kuiona. Mwalimu wa madrasa amemtuma mkewe aje ahakikishe. Wanasema ni dalili kwamba alikuwa radhi nami. Nami nalala chini yake, ninaisikia, ninajua sikuachwa."

Saa ya kale ya namna ile ukiitia ufunguo huenda wiki moja, na siku chache ukibahatika. Nilijua kilichokuwa ndani kabla sijaigusa. Ile furaha yangu ya hesabu ilinitoka yote. Nikamuuliza kama bado inapiga kengele.

"La, kengele ilitolewa na fundi. Marehemu alisema inamkatizia usingizi."

"Basi niiache hapo ilipo, mama. Nimeiona."

"Hukuiona. Ishushe. Wale wa nje watauliza kama uliifungua."

Niliishusha. Niliilaza kifudifudi juu ya mkeka, na nilijaribu kuugeuza mgongo wangu ili nimkinge, lakini alikuwa ameshainama karibu yangu, bega kwa bega, ana hamu. Nikafungua kibao cha nyuma. Ndani ya sanduku lile kubwa mlikuwa mtupu, na katikati pamebandikwa kimashine cheusi cha plastiki, kidogo kuliko kiganja, na betri moja.

Aliigusa ile betri kwa ncha ya kidole.

"Hiyo si ya rimoti?"

Nikamwambia ndiyo, ni ya namna hiyo hiyo.

"Rimoti ya televisheni."

"Ndiyo, mama."

Hapo nikasema yote, maana nilijua nikinyamaza sasa nitashindwa kabisa baadaye. Nikamwambia mashine yake ya kale iliuzwa. Nikamwambia kitanda ni cha mwembe, kimetengenezwa kufuatisha kile cha bibi yake, na kile cha bibi yake hakipo. Pesa za vitu vile zilikwenda wapi sikujua, wala yeye hakuniuliza. Alikuwa ameuchukua ufunguo ambao ulikuwa umening'inia kwenye msumari kando ya saa, akanipa.

"Tia."

Niliigeuza saa, nikautia ufunguo kwenye tundu la usoni. Ukazunguka bila kushika chochote. Ukingo wa shaba wa tundu lile ulikuwa na mikwaruzo mingi, mingine ya zamani imeshakuwa myeusi, mingine bado inametameta. Kila nilipouzungusha ufunguo ulikwaruza pale, ukatoa mlio mdogo wa kukereza, na mtu aliyesimama chini akishika kanzu angeamini kabisa kwamba saa inajazwa.

"Huo ndio mlio," alisema.

Aliketi vizuri, akazikutanisha kanga zake kifuani. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu kulia, kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani, kwa maiti au kwa biashara yangu.

"Kitanda ningemsamehe," alisema. "Mtu hushikika, akauza. Angeniambia ningekibeba mimi mwenyewe mpaka barabarani. Lakini yeye alipanda pale juu, Ijumaa kwa Ijumaa, anazungusha hewa. Na akishuka ananiambia, 'Haya, tumejaaliwa wiki nyingine.' Mwanangu, wewe unayejua vitu hivi. Alikuwa ananicheka, au alikuwa ananiogopa?"

Nilimwambia sijui. Nimefikiri mara nyingi tangu siku ile, na bado sijui.

Akaniuliza kama viti vitatosha. Nikamwambia havitatosha hata robo ya pesa wanazozitaka shemeji zake. Akatikisa kichwa polepole.

"Nenda kawaambie. Waambie ya mali. Ya ufunguo usiwaambie."

Nikatoka barazani nikawaambia. Kitanda ni kipya. Saa ina sanduku la kale na mashine ya dukani. Viti ni vibovu. Mdogo wao alisonya. Mkubwa aliirudisha simu mfukoni, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni, akashusha pumzi ya mtu ambaye mambo yake yamenyooka.

"Basi. Tutasubiri eda yake iishe, sisi si wanyama. Hicho kitanda kipya kuna jamaa wa nyumba za wageni atakichukua, tumsaidie shemeji nauli yake." Kisha akapaza sauti kuelekea pazia la mlango. "Shemeji! Saa hatuigusi! Hiyo utakwenda nayo kwa dada yako, iwe ukumbusho wa mumeo!"

Saa ilikuwa mali yake tangu kwa bibi yake. Nilifumbua kinywa nimwambie hivyo, lakini sauti ya mama ikatangulia kutoka ndani, kavu.

"Ichukueni."

"Majonzi hayo, shemeji. Hatuna roho mbaya kiasi hicho." Akanigeukia. "Dada, kabla hujaondoka irudishe ukutani. Wageni wa jioni watakuja kuitazama."

Nilirudi ndani. Alikuwa ameketi pale pale, saa mbele yake imelala chali, sahani ya shaba imetulia kwa kuwa imelazwa, lakini mishale inakwenda. Nilipiga magoti nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nikiitoa betri itanyamaza, naye ataweza kulala. Nilidhani ninamfanyia hisani.

"Isimame?" alisema. "Mtaa mzima umeshaambiwa ni dalili ya radhi. Ikisimama leo, watasema nini juu yangu? Na Vanga nako habari zimeshafika, dada yangu amewaambia watu."

Niliinua saa, nikapanda kigoda cha marehemu, nikaitundika kwenye msumari wake. Nilipogeuka nilimkuta amesimama chini yangu. Mkono wake ulikuwa umeshika upindo wa buibui langu, ameuinua kidogo usiguse vumbi, na sidhani kama alijua kwamba ameushika. Nje mdogo wa wale ndugu alikuwa akicheka na mtu kwenye simu.

"Hiyo betri," aliniuliza, akitazama mlangoni kwanza, "ikiisha, nami nimefungiwa humu, nitamtuma nani akaninunulie nyingine asiulize ni ya nini?"

Nikamwambia nitamletea mimi.

"Lete nyingi," alisema.