Kaka Alipokuja Kuota Jua

Kaka yangu alitua wiki ya pili ya Januari, wakati ambapo kila Mchagga mwenye akili timamu ameshakwenda kwao Desemba, amechinja, amekula, amegombana na ndugu zake na kurudi mjini. Yeye hakuja kwa ajili ya hayo. Alikuja kuota jua. Huko Ulaya anakoishi, aliniambia kwenye simu, majira hayo jua huchomoza saa tatu asubuhi na saa tisa limeshazama, na daktari amemshauri atafute mwanga. Nikamwambia mwanga upo hata kwangu Njiro, dirisha la chumba cha wageni linatazama mashariki. Akacheka, akasema ameshaweka nafasi hotelini.

Ngoja nieleze kwa nini hilo liliniuma. Mama yetu alifia nyumbani kwangu mwezi wa tano. Miezi yake ya mwisho alikuwa akinitandikisha kitanda cha chumba hicho kila Jumamosi, mashuka yake mwenyewe yenye maua aliyoyadarizi, kwa sababu mwanawe wa kwanza atafika. Akiamka asubuhi swali lake lilikuwa moja: "Amefika?" Nikimjibu bado, ananiomba nimsogezee kiti karibu na geti asikie honi. Kaka hakufika. Siku ya mazishi, kwetu huko mlimani Kilimanjaro, alihudhuria kwa simu. Binamu yetu mmoja alisimama kando ya kaburi ameinua simu juu, na kaka akawa humo kwenye kioo, amevaa koti jeusi, nyuma yake kabati la vyombo. Mchungaji alipofika kwenye mavumbi kwa mavumbi, mtandao ukakatika. Kaka hakupiga tena.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu kwake. Aniangalie usoni, aseme samahani, halafu tupande wote tukasimame kwenye kaburi la mama. Nikaendelea kutandika kile kitanda kila Jumamosi, sijui kwa nini, labda kwa ukaidi. Kwa hiyo alipopiga, zikiwa zimebaki siku mbili aondoke, akinialika nikamwangalie anavyocheza gofu, nilikwenda. Nilijidanganya kwamba ndiyo njia yake ya kunikaribia.

Hoteli yenyewe iko nyuma ya Mlima Meru, upande ule ambao mvua hupita juu bila kusalimia. Wafugaji wa huko wanatembeza ng'ombe kutwa nzima kutafuta dimbwi, halafu kuna mtu alikaa, akafikiri, akaona hapa panafaa gofu. Viwanja vya gofu nimeviona kwenye televisheni, kijani kitupu. Huu ulikuwa vumbi, miiba, mavi ya mbuzi na bendera tisa. Kuzunguka kila shimo walikuwa wamemwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiuchukue, wakausawazisha kwa reki, na hapo ndipo watu wazima wanapokuja kusukuma kimpira. Nilitaka kumwambia kaka kwamba oili chafu mafundi magari wa Daraja Mbili wanayo tele, wala hakuwa na haja ya kupanda ndege.

Nilimkuta amevaa kaptula ya rangi ya machungwa, soksi nyeupe hadi magotini na glavu kwenye mkono mmoja. Mtu wa miaka sitini na mbili. Nilimwamkia shikamoo, maana ni mkubwa wangu, akaitikia huku anahesabu mipira. Kisha akatoa kwenye mkoba kipande cha nyasi za plastiki, ukubwa wa kapeti la kufutia miguu mlangoni. Kwa kuwa uwanja hauna nyasi, alinifafanulia kwa heshima zote, kila mchezaji anakuja na zake. Unaliweka kapeti lako chini, unaweka mpira juu yake, unapiga, unalibeba, unatembea. Huyu ndiye mtoto wa mkulima wa kahawa, aliyewakatia ng'ombe majani mpaka vidole vikachanika, sasa anazunguka nyikani na majani ya plastiki kwapani. Nilisonya, ila kwa ndani.

Nikaendesha kigari cha betri na yeye akacheza. Yaani alipiga, tukatafuta, akapiga, tukatafuta. Mama mmoja aliyekuwa akipita na punda wake wa maji alisimama, akamtazama kaka anavyochungulia vichakani, akaniuliza taratibu mzee amepoteza nini. Nikamwambia mpira. Akauliza kama ni huo mmoja tu. Nikamwambia hapana, ana mkoba mzima. Alimwangalia kwa huruma ambayo mimi sikuwa nayo, akamswaga punda wake.

Kwenye shimo la tatu nilianza kumwelekeza taratibu kwenye habari za mama. Nikamsimulia kwamba mparachichi ulio karibu na kaburi umezaa mpaka matawi yanainama. Akaniomba nisubiri, nilikuwa namtoa kwenye mstari. Kwenye shimo la tano akanieleza mgongo wake unavyomsumbua wakati wa baridi. Nilimsikiliza, nikamwambia pole, maana ndivyo tulivyolelewa. Tulipofika la sita niliacha kuzunguka kwa maneno. Nikamwambia kesho nina gari na nina nafasi, twende kwa mama, mwendo wa saa mbili tu tumefika. Akafuta fimbo yake kwa taulo, taratibu, mpaka ikang'aa. Kesho ana masaji, akasema, na barabara itamchosha kabla ya safari.

"Halafu, mdogo wangu, mimi nilishamuaga siku ile ya mazishi," akaongeza.

Nikawasha kigari. Ningefungua mdomo ningemtukana mkubwa wangu mbele ya mbuzi wa watu.

Shimo la tisa liko ubavuni mwa bustani ya hoteli, na hapo walikuwa wamepanda masale, ile mimea ya majani marefu, mstari mzima, yanamwagiliwa kwa mpira wa maji, kama mapambo. Kwetu sale si pambo. Tunalipanda mpakani na makaburini, na jani lake ukilifunga fundo ukamkabidhi mtu uliyemkosea, maneno yameisha. Ni lazima apokee, na akishapokea hana ruhusa ya kulishika tena lile kosa. Kaka alikuwa na miaka kumi alipoangusha pipa la mbege iliyoandaliwa kwa kipaimara cha shangazi, pombe yote ikanywewa na ardhi. Mama alimsaka shambani na fimbo. Akatokeza katikati ya migomba mikono yote miwili mbele, ameshika jani la sale lenye fundo alilofunga mwenyewe. Mama alitupa fimbo chini, akalipokea, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilikuwepo, nimejificha nyuma ya zizi nikisubiri kuona anavyochapwa.

Basi mpira wa kaka ukasimama juu ya ule mchanga wa oili, hatua tano kutoka shimoni. Sheria yao ni kwamba unaruhusiwa kuuokota uufute, ila uache alama pale ulipokuwa. Alijipapasa mifukoni akitafuta kidude chake cha plastiki cha kuwekea alama, hakukiona. Upepo ulikuwa unavuma. Akasogea kwenye masale, akavunja jani moja, akaliona jepesi, litapeperuka. Akalifunga fundo. Alilifunga haraka, bila kutazama, ncha akiipitishia chini kwa kidole gumba, vilevile kama tulivyofundishwa wote. Kisha akaninyooshea, mkono mwingine ukiokota mpira.

"Shika," akasema.

Dharau yote niliyokuwa nimeikusanya tangu asubuhi, ya kaptula, ya kapeti, ya masaji, ilinitoka. Nilijifuta mikono kwenye kitenge, nikalipokea kwa mikono miwili, na machozi yakaanza kunitoka mbele ya watalii waliokuwa wakinywa juisi kibarazani.

"Nimepokea, kaka," nikamwambia. "Yameisha."

Alinitazama mimi, akalitazama jani, akanitazama tena. Na nitaapa popote kwamba alikumbuka. Niliona uso wake ukibadilika, ukawa ule wa mtoto aliyetokea kwenye migomba. Alijua ameshika nini na amempa nani. Wala hakutakiwa kuongeza neno, hata ile samahani nilikuwa nimeshamsamehe. Alitakiwa anyamaze tu.

"Hapana, hilo ni la alama," akasema. "Nirudishie, nisije nikasahau mpira ulipokuwa."

Sikumrudishia. Nililitia kwenye mkoba wangu, nikamuaga kwa heshima, nikamtakia safari njema, nikatembea hadi kwenye gari. Nyuma yangu nilimsikia akilalamika kwamba sasa itabidi akisie.

Kesho yake nilipanda mlimani peke yangu, nikaliweka lile jani juu ya kaburi, chini ya mparachichi. Nilimweleza mama kwamba limetoka kwa mwanawe. Sikumweleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nimelipokea kwa mikono yangu miwili, na desturi yetu haiulizi kama aliyekupa alikusudia. Kaka hunipigia simu mara kwa mara, ananisimulia theluji, nami namjibu vizuri kabisa. Habari ya mazishi sitaitaja tena mpaka na mimi nizikwe, kwa sababu nimemsamehe.

Ila Jumamosi ile, niliporudi Njiro, nilikitandua kitanda cha wageni. Nikayafua mashuka ya mama, nikayakunja, nikayaweka juu kabisa ya kabati. Sijakitandika tena.