Ufunguo wa Geti la Nyuma

Mlinda mageti wa uwanja wa mpira, ambaye watu wote walimwita Komeo, hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwa jambo moja tu. Kwa miaka kumi na tisa alimwambia meneja yale yale: mashabiki wa timu mbili wasitokee geti moja. Wageni watolewe kwanza, kwa geti la nyuma. Wenyeji wasubiri robo saa, hasira ziwashuke. Sasa hapo pana ugumu gani?

"Geti la nyuma ni la gari la mgeni rasmi," meneja alijibu kila mara, bila hata kuinua macho. Kisha wakaongeza askari, wakaleta na mbwa, na mawe yakaendelea kuruka kama kawaida.

Mke wa Komeo, fundi cherehani, alikuwa shabiki kindakindaki wa timu pinzani. Nyumbani walitaniana mpaka chai ikapoa. Lakini msimu uliopita mkewe alirudi kutoka uwanjani na nyuzi saba juu ya jicho la kushoto, na utani ukaisha.

"Jumamosi hii kaa nyumbani, mama watoto."

"Kaa wewe! Kwani mimi ndiye ninayerusha mawe?"

Komeo akachukua funguo zake akaenda kazini, amekereka.

Jumamosi wenyeji wakafungwa kwa penalti ya dakika ya mwisho. Ikapita chupa, kikafuata kipande cha tofali. Komeo akakiona kilemba cha njano cha mkewe katikati ya wageni, kikisukumwa kuelekea geti la mbele, ambako wenyeji walishajaa wakiwasubiri. Hakumwuliza mtu. Akafungua geti la nyuma.

"Wageni wote huku! Msisukumane!"

Wakatoka hadi wa mwisho, bila hata mchubuko. Nyuma yao gari la mgeni rasmi lilikwama dakika kumi na mbili, likipiga honi.

Jumatatu meneja alimsomea ripoti: usalama ulikuwa mzuri, shukrani kwa mbwa, utaratibu uendelee kama ulivyo. Kisha akampa barua ya onyo na kunyoosha mkono apewe ufunguo wa geti la nyuma.

"Lakini bosi, hakuna aliyeumia!"

"Si ndiyo maana nasema utaratibu uko sawa?"

Komeo alirudi nyumbani amefura. Timu zile zile zingekutana tena hapo hapo baada ya wiki tatu, kwenye kombe, na mkewe alishakata kitambaa cha kilemba kipya cha njano.

"Nakuomba," akamwambia, na haikuwa kawaida yake kuomba, "safari hii shona cha rangi isiyo na timu."

Mkewe akasimamisha cherehani. "Halafu utanionaje kwenye watu wote wale?"

Komeo akapapasa mfuko wake mtupu. "Na nikikuona, nitakufungulia na nini?"