Ukungu kwenye kamera ya nne

Leo Jumatano, miezi saba tangu nitoke Vihiga.

Jamani, leo nimeona ukungu wa kwetu nikiwa Ruiru.

Tunajenga chumba cha kuchagua mayai hapa Mugutha, Ruiru. Mimi nilifunga kamera nne darini. Leo fundi Wanjiru akaziunganisha zote kwenye kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani.

Tatu zikaonyesha vizuri mayai ya majaribio.
Ya nne ikaonyesha weupe tu.

Wanjiru akabadilisha waya, akabadilisha tundu la kuuchomeka. Weupe ukabaki.

"Hii imekufa," akasema. "Tungoje nyingine wiki ijayo."

Dari haifungwi kabla kamera zote hazijaonyesha picha, na siendi nyumbani kabla dari haijafungwa.

Nikakaa nikitazama ule weupe. Ulikuwa kama asubuhi ya kwetu, ukungu umelalia majani ya chai, na binti yangu Neema yuko ndani yake na ndoo ya maji. Nilimngoja atokee, kweli.

Kisha ukungu ukatikisika. Mtu alikuwa amewasha feni.

Nikapanda ngazi.

Ilikuwa karatasi ya nailoni niliyofunga mwenyewe wakati wa plasta, simiti isiingie. Tatu nilizifungua, hii nikaisahau.

Nikamwambia Wanjiru ukweli.

"Baba Neema, ulikuwa unafunika kamera ama chapati?"

Chekeni tu, hata mimi nimecheka.

Dari tunafunga Ijumaa. Jumamosi jioni nitakuwa nyumbani, na Jumapili asubuhi Neema alale. Ile ndoo nitabeba mimi.