Jina Kwenye Orodha ya Marehemu

Karani wa shule ya masista hakuingia ofisini kwa cheti. Aliingia kwa ufagio. Miaka kumi na miwili iliyopita kazi yake ilikuwa kufagia vumbi la chaki madarasani, na kila alipofika ofisini alifagia polepole kuliko kawaida, jicho likiwa kwenye vidole vya karani wa zamani. Karani yule alipokwenda kujifungua, Sista Mkuu akahangaika kutafuta mtu wa kuchapa mitihani. Mfagiaji akaegemea ufagio wake, akasema, "Sista, nijaribu wiki moja. Nikishindwa, ufagio wangu uko hapa hapa."

Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa muhula, na mwenye kiti aliporudi akakuta kiti kina mwenyewe. Watu walisema mwanamke yule ana roho ngumu. Yeye alisema kiti hakina undugu.

Watoto walimwita Mama Tangazo, kwa sababu ya gazeti la Ijumaa. Lilikuwa karatasi moja tu, mbele na nyuma: nani kashinda mbio, lini padre anakuja kuungamisha, mzazi gani katoa rangi ya kupaka chekechea. Chini kabisa ya ukurasa wa pili kulikuwa na orodha mbili. Ya kwanza, Tuwaombee Wagonjwa Wetu. Ya pili, Tuwaombee Marehemu Wetu. Huko ndiko wazazi walikoanzia kusoma. Habari za mbio zilikuwa za watoto.

Sasa, gazeti hakulianza upya kila wiki. Muuza nyanya hanunui mizani mpya kila asubuhi. Alifungua la wiki iliyopita kwenye kompyuta, akafuta ya zamani, akajaza mapya. Ijumaa ile kwenye orodha alikuwa na kazi moja tu. Mama mzazi wa mpishi wa shule alikuwa amezikwa Jumatano, kwa hiyo mstari wake utoke kwa wagonjwa ushuke kwa marehemu. Kidole kikiwa juu ya kitufe, simu ikalia, na papo hapo mzazi mmoja akagonga dirisha kuulizia soksi za mtoto. Karani akajibu simu kwa sikio, mzazi kwa mdomo, na kazi akaimaliza kwa mkono. Sista Mkuu akatia sahihi akiwa amesimama, funguo mkononi. Saa nne asubuhi mashine ilikuwa inatema nakala mia sita na arobaini, na mapumziko yalipoisha kila mtoto alikuwa na yake ndani ya begi.

Saa nane na nusu watoto wakaenda nyumbani. Saa tisa kasoro mpishi akaingia ofisini, aproni bado kiunoni, karatasi mkononi.

"Mama Tangazo, nimekuja kushukuru."

"Kwa lipi, mwenzangu?"

"Mmemfufua mama yangu. Jumatano nimemtupia udongo, leo mnamwombea apone miguu."

Karani akaanza kuomba radhi, akaichukua karatasi. Kweli, mama wa mpishi alikuwa bado kati ya wagonjwa. Basi ni nani aliyeshushwa? Macho yakateremka yenyewe. Kwenye orodha ya marehemu, mstari wa mwisho: Mwenyekiti wa kamati yetu ya wazazi.

Mwenyekiti alikuwa na wiki ya pili hospitalini, amelazwa, lakini mzima. Jina lake lilikuwa limefuatana na la mama wa mpishi. Kidole kilikuwa kimekosea mstari mmoja.

"Umekuwa kama umemwagiwa maji," mpishi akasema.

Karani alikuwa anapiga hesabu. Mtoto wa mwenyekiti yuko darasa la nne, nyumbani ni mitaa miwili. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo shule nzima ilikuwa inalijua. Muhula uliopita, kwenye kikao, mwenyekiti yule yule ndiye aliyesimama akasema ofisi ya shule inataka mtu mwenye cheti. Nani angeamini kwamba ni kidole? Wangesema amemzika makusudi. Na Mungu apishe mbali akifa kweli, wangesema amemuua.

Akatoka mbio na viatu vya ofisini. Njiani alikuwa anapanga maneno kama mtu anayepanga bidhaa na wateja wameshafika: nimekosea, yuko hai, nisameheni, nimekosea. Alipokata kona akaona mlangoni kwa mwenyekiti viti vinatolewa nje, na ndani mwanamke analia kwa sauti ya juu. Amechelewa. Gazeti limeshasomwa.

Mdogo wake mwenyekiti, mwenye duka la vipuri, alikuwa amesimama kizingitini na karatasi ile mkononi. Karani akafungua mdomo, lakini yule mwanamume akamwahi.

"Karibu, mama. Shule mmetushinda. Sisi wenyewe simu ya hospitali tumeipata saa saba. Kaka kafariki saa sita mchana. Naona nyinyi mmeshaandika na kuchapa kabisa. Mungu awabariki kwa kumjali."

Akavuta kiti, akamkaribisha.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alikaa. Watu wakampa mkono, akaupokea. Mmoja akamletea maji, akayanywa. Neno likikaa mdomoni dakika moja ni lako. Likikaa saa nzima, wewe ndiye wake. Alipoinuka kwenda nyumbani, tayari alikuwa karani hodari aliyewahi msiba kabla ya wenye msiba, na yeye peke yake alijua mashine ilitema karatasi zile saa nne, mtu akiwa bado anavuta pumzi.

Siku tatu hakula akashiba. Jumapili, mazishi, alisimama nyuma kabisa. Jumatatu Sista Mkuu akamsifu mbele ya walimu wote, kisha kwenye korido akamuuliza, "Nani alikupigia simu?"

"Nilisikia tu, Sista."

Sista akamtazama kidogo, akaendelea na safari yake. Uongo wa maneno matatu, lakini ulikuwa unataka kulindwa usiku na mchana kama ghala.

Na walimu wana akili. Walioliona gazeti saa nne walidhani ni kweli, wakanyamaza kwa ajili ya yule mtoto wa darasa la nne, ambaye kama watoto wote hakufika chini ya ukurasa wa pili. Sasa walikuwa wamesikia alikufa saa sita. Mwalimu wa hesabu akapita dirishani akichechemea. "Mama Tangazo, mguu unaniuma, lakini kidogo tu. Tafadhali usiniandike." Wenzake wakacheka. Yeye akacheka pia, macho kwenye karatasi zake. Jumanne alifungua sanduku la maombi lililoko mlangoni. Kwa kawaida lilikuwa na vikaratasi kumi na tano vya wagonjwa. Kulikuwa na kimoja, kutoka kwa mume wa mwanamke mwenye kisukari: Mke wangu mtoeni kwenye orodha. Anaendelea vizuri sana.

Mpishi alikuwa anampa chakula bila kumtazama usoni. "Mimi sijasema kitu," alimwambia, akichota.

"Sijakuuliza."

"Ndiyo maana nakuambia."

Jumatano saa tano mjane akaja. Nguo nyeusi juu hadi chini, mkoba kwapani, peke yake bila msindikizaji. Akafunga mlango wa ofisi nyuma yake. Karani akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Pole, dada."

"Nimeshapoa." Akatoa gazeti kwenye mkoba, likiwa limekunjwa mara nne, akalinyoosha juu ya meza kwa kiganja. "Mdogo wangu, mimi sikuja kugombana. Nataka jina la aliyekupigia simu."

"Simu gani, dada?"

"Ya hospitali. Mwanangu anasema karatasi hii walipewa baada ya mapumziko. Hiyo ni saa nne na nusu. Hospitali inaniambia kafa saa sita. Mimi niliondoka pale saa tatu, nimemnywesha chai, nikarudi nyumbani kumfulia shati, maana alitaka shati safi daktari akipita. Kwa hiyo nilipotoka mlangoni tu alikufa, wakaijulisha shule, na mimi wakanificha. Nilikuwa nafua shati la maiti." Sauti haikupanda. "Shemeji anasema nilimwona anakata roho nikakimbia. Anawaambia watu. Nipe jina la aliyepiga, nikamkamate mbele yake."

Karani akatazama mlango uliofungwa. Bei zilikuwa mbili na alizijua zote. Akisema sikumbuki, mjane atakwenda hospitali, atagombana, atarudi na maneno ya shemeji mgongoni, na kiti hiki kitabaki chake. Akisema kweli, kuna mtu atakayeuliza kwa nini kidole kilimwangukia yule yule aliyetaka kumwondoa.

"Hakuna aliyepiga," akasema.

"Usiwafiche."

"Simfichi mtu. Nilikosea mstari. Nilitaka kumshusha marehemu mwingine, nikamshusha mumeo. Saa nne alikuwa hai, dada. Mimi ndiye niliyemwandika amekufa."

Mjane akatikisa kichwa. "Wamekupa nini hospitali useme hivyo?"

Hilo hakulitegemea. Ametoa kweli yake kwa bei ya hasara, na mteja anaiona bandia. Akalichukua gazeti, akamshika mjane mkono, akamvuta hadi jikoni, wakapita katikati ya masufuria hadi kwa mpishi aliyekuwa anachambua maharage.

"Mwambie huyu dada mama yako amezikwa lini."

Mpishi akawatazama wote wawili. "Jumatano ya wiki iliyopita."

"Dada, soma wagonjwa. Wa nne."

Mjane akasoma. Mama mzazi wa mpishi wetu. Akasoma tena, kidole kikifuata. Kisha akashuka chini hadi kwa mumewe, akarudi juu, mara tatu. Mpishi akafuta mikono, akamsogezea kigoda, na mjane akakaa kama mzigo ulioachiwa.

"Kwa hiyo ile chai aliimeza mzima," akasema.

"Aliimeza mzima," mpishi akaitikia, kama vile alikuwepo.

Maji ya maharage yalikuwa yanachemka kwenye sufuria kubwa. Kisha mjane akainua uso, na sasa ulikuwa na hasira, ile ya kawaida, ya mtu kwa mtu. "Na Ijumaa ulikaa kwenye kiti changu, ukanywa maji yangu, ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Andika. Uliyoniambia yote, kwenye gazeti hilo hilo, shemeji alisome mwenyewe. Usipoandika, nitapita nyumba kwa nyumba nikisema jambo jingine, na unalijua."

Alilijua: yale ya kikao. Saa nane alikuwa mbele ya Sista Mkuu na karatasi iliyochapwa, ameishika kwa mikono miwili isitikisike. Sista akasoma kwa sauti ndogo: Ijumaa iliyopita saa nne asubuhi karani alihamisha jina la mwenyekiti wetu kwa makosa, likaingia kwa marehemu naye akiwa hai. Hakuna aliyepiga simu shuleni. Mwenyekiti alifariki saa sita mchana. Mke wake alikuwa amemwacha akiwa mzima, akaenda kumfulia shati.

"Hii sentensi ya mwisho si yetu," Sista akasema.

"Ndiyo aliyokuja kuichukua mjane, Sista. Hizo nyingine ni karatasi ya kufungia."

Sista akavua miwani. "Uliniambia ulisikia."

"Nilidanganya."

"Wazazi watataka uondoke. Wengine watasema mabaya zaidi ya hayo."

"Najua."

"Na sahihi yangu?"

"Sijaiandika humo, Sista. Lakini iko kwenye nakala mia sita na arobaini, na watu wanaziweka."

"Unanitisha?"

"Mimi mwenyewe naogopa mpaka miguu haipo. Nitamtisha nani?"

Nje darasa la kwanza walikuwa wanaimba kuhesabu. Sista akachukua kalamu, akaongeza maneno matano kwa mkono: Nami nilitia sahihi bila kusoma. Akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

"Gazeti likitoka, simu utapokea wewe mwenyewe, zote, na utaandika kila mtu anasema nini. Wakizidi wanaotaka uondoke, sitakuzuia. Ufagio sina wa kukurudishia. Kuna mtu ameshaushika."

"Niongezee jambo moja, Sista. Wanaotukana bila kutaja jina wasihesabiwe."

Sista nusura atabasamu. "Wasihesabiwe."

Ijumaa orodha zote mbili alizichapa kutoka ukurasa mtupu, akamsomea mpishi mara mbili, kidole juu ya kila mstari. Wagonjwa walikuwa wawili tu. Saa nane na nusu akasimama dirishani akawatazama watoto wakitoka getini, mia sita na arobaini, kila mmoja na aibu ya karani mgongoni. Mtoto wa mwenyekiti, yule wa darasa la nne, alipita akiwa amelishika gazeti mkononi. Alikuwa analisoma.

Karani akarudi mezani, akachora mstari katikati ya karatasi, kushoto aondoke, kulia abaki, akakaa.

Simu ya kwanza ililia saa tisa kasoro kumi. Mwanamume akamwita mchawi, akamwita muuaji, akakata bila jina. Karani akaweka kalamu chini bila kuandika. Ya pili ilikuwa ya shemeji mwenye duka la vipuri. Huyu alitaja jina lake lote, na akasema karani kama huyu hafai kukaa hata getini. Karani akaliandika upande wa kushoto, herufi kwa herufi.

Ya tatu aliiacha ilie mpaka karibu ikatike.

"Shule," akasema.

"Mimi ndiye mume wa yule mwenye kisukari," sauti ikasema. "Niliomba mumtoe."

"Nakumbuka, baba."

Upande wa pili mtu akakohoa. "Haendelei vizuri. Hajaendelea vizuri hata siku moja. Mrudishe kwa wagonjwa. Lakini, mama, angalia mstari."

"Nitaangalia," karani akasema. "Na mimi unataka niondoke au nibaki? Sista anataka jibu."

"Kwanza tuone wiki ijayo utamweka wapi."

Hakujua amwandike upande gani. Alipokuwa bado anafikiri, simu ikalia tena.